Nyumba Iliyo Chini ya Msitu

Wadogo zangu wa atelie, mkiona herufi hizi zinalala upande upande kama mtama uliopigwa na mvua, msidhani nimeandika ndani ya kamyo, lori likiwa barabarani. Nimeandika mezani, nimetulia, biki imezungushiwa kitambaa ili isiguse ngozi ya vidole. Shule niliishia la sita ya primeri, na mwalimu wetu alizoea kusema kwamba daftari langu limepitiwa na kuku. Pale nilipokosea, rekebisheni kimoyomoyo na mwendelee.

Najua mtu asiyefika miaka thelathini hana haki ya kuandika kama muzee wa pansio. Lakini mikono yangu imestaafu, nami imebidi niifuate. Daktari alinikataza ile dawa ya kuyeyushia rangi, akaniambia: “Terebentine basi. Ukiigusa tena, utarudi hapa bila kucha.” Nimefanya kazi ya rangi miaka kumi na minne kwa Papa Kambale, katika atelie yake ya kuchora picha hapo Birere, mjini Goma, na sasa niko mji wa Kiwanja kwa dada yangu, nachambua maharage ya duka lake. Maharage hayana harufu ya kazi. Bado sijayazoea.

Sitaandika nani alipandishwa wala nani alilipwa nini. Nataka kuandika juu ya picha moja, ile kubwa ya Nyiragongo, volkano iliyo juu ya Goma, kwa sababu siku moja itarudi mikononi mwenu, na ndani yake kuna kitu ambacho mimi na Papa Kambale tu ndio tunaojua kiko wapi.

Siku ya kwanza nilifika atelie nikiwa na miaka kumi na minne. Papa Kambale alikuwa anapaka mlango wa kamyo, simba mwenye meno mengi kuliko mamba. Aliniuliza bila kugeuka:

“Unajua kuchora?”

Niliangalia viatu vyake.

“Uko bubu?”

“Hapana, Papa.”

“Hata kama ungekuwa, si ubaya. Wenye kusema sana wanamwangaka rangi.”

Akanipa mfuko wa unga nifue. Wiki ya kwanza yote nilifua. Turubai za kununua dukani zilikuwa za wazungu; sisi tulitumia merikani, na merikani ikikosekana, mifuko ya unga wa ngano. Unafua mpaka maandishi ya kiwanda yatoke, unapigilia nguo kwenye fremu, unaipaka gundi ya ngozi ya ng’ombe iliyochemshwa, halafu udongo mweupe uliochekechwa. Ikikauka unaisugua kwa jiwe la volkano, lile jepesi lenye matundu, ambalo Mungu aliwagawia watu wa Goma bila kuhesabu. Maandishi ya kiwanda hayatoki yote. Watalii wengi wamebeba Nyiragongo mpaka Ulaya, na nyuma yake pameandikwa uzito wa unga.

Baada ya kufua nilifundishwa kupiga miraba kwa kamba iliyopakwa mkaa, halafu kushika brashi. Mbingu zilinishinda, zangu zilifanana na ukuta wa zahanati. Lakini majani niliyaweza. Nilichukua brashi iliyozeeka, nywele zimetawanyika, nikaidonoa kwenye rangi mbichi, na mti ukasimama. Kuanzia hapo miti yote ya atelie ikawa yangu. Waliniita Bauma Miti.

Sheria ya nyuma ya picha mnaijua, lakini niiandike kwa ajili ya watakaokuja. Picha kubwa inafanywa na watu watatu au wanne: mmoja mbingu, mmoja maji, mmoja miti. Kazi ikiisha inageuzwa, na kila mtu anaandika jina lake kwa mkaa nyuma ya kipande alichokipaka. “Rangi ikipasuka, nijue nitamugombeza nani,” alisema Papa Kambale. Mbele palikuwa na jina lake peke yake.

Na kitabu mnakijua, kile kizito kisicho na jalada, kinachoshikilia mlango upepo wa ziwa ukivuma. Zamani hakikushikilia mlango. Kilikaa juu ya kabati, kimefunikwa na taulo safi, na aliyekigusa alinawa kwanza.

Alikileta muzungu wa Amerika, mwalimu wa shule ya Biblia, mtu mrefu aliyeinama hata pasipo mlango. Alikuwa amenunua kwetu picha ya ziwa. Alipofunga mizigo kurudi kwao, akaona atuachie kitabu. Kiswahili chake kilikuwa cha kanisani, kila neno limevaa kanzu. Kilikuwa kitabu cha picha za nchi yao, zilizochorwa katika karne ya babu za babu zake: milima yenye theluji, maporomoko ya maji, mabonde yaliyojaa mwanga kama asali.

“Nchi yetu ilikuwa changa,” alituambia. “Watu wa Ulaya walitudharau. Walisema, hamna majumba ya wafalme, hamna makanisa ya kale. Basi wachoraji wetu wakapanda milimani, wakachora, wakasema: tazameni, haya ndiyo makanisa yetu. Watu wa mjini walipanga mstari kuingia chumbani kutazama picha moja tu. Mtu ambaye hajawahi kuiona ile milima aliitazama akasema, hii ni yangu.”

Papa Kambale alisahau kupumua. Ilikuwa miaka ya kwanza baada ya nchi kubadilishwa jina kuwa Zaïre, na mto, na pesa, na sisi wenyewe. Majina ya ubatizo tuliyaweka kando kama nguo ya msiba, na kila mtu akaitwa citoyen, mwananchi.

“Citoyen Pasta,” alisema, “sisi pia tuko na inchi mupya. Jina iko. Bendera iko. Picha njo haiko.”

Mimi nilikuwa nafunua kurasa. Bonde, mto, swala wawili wanakunywa maji, mwanga. Bonde lingine. Mahali pazuri hivyo, maji hapohapo, na hakuna hata chungu. Nikauliza, na nadhani ndilo swali langu pekee la mwaka ule:

“Watu wa pale wako wapi?”

Muzungu aliinama zaidi. “Walikuwako,” alisema. “Mara nyingi wachoraji hawakuwaweka. Au walimweka mmoja, mdogo sana, pembeni.”

“Walienda wapi?”

“Walifukuzwa. Wengi wao.” Alisugua ukingo wa ukurasa kwa kidole gumba, kana kwamba kulikuwa na uchafu. “Picha zinapendeza sana. Hilo nalo ni kweli.”

“Bauma,” alisema Papa Kambale, “angalia mwanga, wacha kuhesabu watu.”

Nikaangalia mwanga.

Tulijifunza mengi kutoka kitabu kile, na sitasema yalikuwa mabaya. Mwanga uwe nyuma ya mlima, usiwe mbele. Sehemu ya chini iwe giza, ili jicho likimbilie juu. Pembeni weka mti uliovunjika. Kama lazima kuwe na mtu, awe mdogo kama punje ya mtama na atupe mgongo. Mwishoni pitisha verni, yale maji ya kung’arisha na kulinda picha, yenye tone la kahawia, picha nzima ionekane kama jioni. Nyiragongo haikuwahi kuwa na dhahabu ile. Ina moshi, na giza likianza kuingia ina wekundu wa jiko. Lakini tuliipaka dhahabu, na hakuna mtu wa Goma aliyelalamika. Kila mtu anapenda mama yake apigwe picha akiwa amevaa vizuri.

Mwaka wa tano wa kazi yangu akaja citoyen mmoja wa biro ya serikali, amevaa abakosti, ile suti isiyo na tai, ya kijivu, imenyooshwa. Alitaka picha ya kujaza ukuta wa salle yao ya mikutano.

“Mutu akiingia, aone Zaïre,” alisema.

“Zaïre yote?” aliuliza Papa Kambale.

“Ile yenye kuonekana huku.”

Tukapanda Kibati, kijiji kilicho chini ya mlima, Papa Kambale na mimi, tukitafuta mahali ambapo mlima unasimama mzima bila kukatwa na kilima kingine. Mahali pale palikuwa shamba la Mama Feza, mjane aliyetoka Masisi na mume wake zamani. Walikuwa wameokota mawe ya volkano kwa mikono, moja moja, mpaka udongo ukaonekana. Mawe wakayapanga kuwa ukuta. Palikuwa na nyumba ya nyasi, maharage, viazi vitamu, ua wa miyenzi, ile miti yenye maziwa tunayopanda mpakani, na chini ya miyenzi kaburi la mume wake.

“Huu mulima miaka yote haujakimbia,” alisema alipotuona tumekaa. “Leo munauchunga?”

“Tunauchora, Mama.”

“Na mwenye shamba, hamumuchore?”

“Mama, weye uko mukubwa kupita mulima,” Papa Kambale alicheka. “Hauwezi kuingia.”

“Basi nyumba yangu. Ile iko kidogo.”

Tulirudi siku tatu, na siku tatu zote alituletea viazi vya moto kwenye jani, na chumvi pembeni. Siku ya tatu, Papa Kambale alipokwenda kujinyoosha, alikuja kuchuchumaa karibu yangu.

“Mutoto wangu, weye unanyamaza, mutu wa kunyamaza hadanganyake. Wakubwa wataangalia ile picha. Nataka waone kama hapa kuko watu. Karatasi sina. Karatasi ya bwana yangu ilikuwa mudomo ya chefu wa kijiji, na chefu naye alikufa. Uniwekee nyumba, na miyenzi, na moshi. Moshi usisahau. Nyumba bila moshi, watasema tulishahama.”

“Nitaweka, Mama,” nilisema.

Niliweka. Tulipoanza picha atelie, nilipaka nyumba ile chini upande wa kulia, paa lenye upana wa kucha mbili, ukuta wa mawe, mstari wa miyenzi, na moshi mweupe unaoelekea ziwani kama ulivyokuwa asubuhi ile. Haikuwa kazi yangu, kazi yangu ilikuwa miti. Lakini sijawahi kupaka kitu kizuri kupita kile. Niliiacha ikauke wiki tatu, nikaipitishia verni.

Papa Kambale alikuja kutazama. Alitazama kwa muda mrefu, na nikafikiri atanisifu. Akaenda kunawa, akashusha kitabu, akanipa.

“Nionyeshe humu jiko ya mutu.”

Nilifunua mpaka mwisho. Halikuwako.

“Yule citoyen hataki viazi, Bauma. Anataka inchi. Inchi kubwa haitoke moshi ya maharage. Funika na miti. Miti njo yako.”

Nilikuwa na neno moja mdomoni: nimemwahidi. Ni neno fupi. Mtoto wa la kwanza analisema. Nikachukua brashi yangu ya zamani, nikaanza kudonoa majani. Kufikia saa sita paa lilikuwa limekwisha, na miyenzi, na moshi. Pembeni nikasimamisha mti uliovunjika.

Na jambo linaloniuma kuandika ni hili: niliupaka vizuri. Msitu ule ni kazi bora ya maisha yangu. Papa Kambale aliweka mkono begani mwangu, jambo ambalo hakulifanya kwa mtu yeyote. Tulipogeuza picha, nikaandika jina langu kwa mkaa, herufi kubwa, nikatembea na furaha ile mwaka mzima.

Kosa moja dogo la ufundi nilifanya. Rangi ya miti niliipaka juu ya verni bila kuisugua kwanza kwa jiwe. Mnajua kwamba rangi ya namna hiyo haishiki sana. Papa Kambale angeligundua angenigombeza. Mpaka leo sijui kama nilisahau au kama mkono wangu ulitaka hivyo.

Mwaka uliofuata waliniita kwenye ile salle kusafisha picha, kwa sababu mijusi wa ukutani hawaheshimu serikali. Picha inasafishwa kwa mkate mkavu, sehemu laini ya ndani, unasugua taratibu. Nilikuwa juu ya ngazi, upande wa kulia, watu wa Kibati walipoingia, kama kumi hivi. Mbele yao alikuwa Mama Feza, amevaa kitenge cha kanisani. Citoyen wa abakosti ya kijivu alikaa mezani na faili yake. Wakati wa mazungumzo hakuna aliyeniambia nitoke. Mtu wa kazi aliye juu ya ngazi ni sehemu ya ngazi.

Kwa ufupi, kulikuwa na mkubwa aliyetaka ardhi ya Kibati kwa ng’ombe wake, na faili ilisema ardhi ni tupu.

Mama Feza hakukasirika. Alitabasamu, akawageukia majirani: “Niliwaambia.” Halafu akamwambia citoyen: “Papa, usiniulize miye. Uulize ile picha. Niko ndani. Kwa kuume, chini.”

Wote wakageuka. Alikuja mpaka chini ya ngazi yangu, akasogeza uso karibu na picha, akanyoosha kidole bila kugusa.

“Mulima huu. Njia inashuka hapa. Miyenzi inapita...”

Kidole kilikwenda, kikarudi. Citoyen akavaa miwani, akaja kutazama. Sitasema alikuwa na ukali.

“Mama, hapa ni pori. Kila mutu anaona ni pori.”

“Mama Feza,” mtu mmoja nyuma alicheka, “ulituambia uko na hata moshi!”

Ndipo alipoinua macho akaniona. Hakunigombeza. Alingoja tu, kama unavyomngoja mtu anayetafuta ufunguo mfukoni na unajua anao. Nilikuwa na mkate mkononi. Jina langu lilikuwa nyuma ya nguo ile, umbali wa mkono mmoja. Ilitosha kusema: Citoyen, tugeuze picha, pori hili nililipaka mimi, juu ya nyumba.

Mkate ukavunjikavunjika mkononi, ukaanguka sakafuni. Sikusema. Walipotoka nilishuka nikaokota chembe zake zote, moja moja.

Najua mtakavyosema, kwa sababu nimejisemea mara nyingi: faili ilikuwa imekwisha kabla hawajaingia, na picha si karatasi. Labda. Lakini Mama Feza alikuwa na shahidi mmoja, picha ile; sisi ndio tuliompa, na sisi ndio tuliomziba mdomo. Kabla ya mavuno ukuta wake wa mawe ulibomolewa, waya ukapita juu ya kaburi la mume wake. Leo kuna ng’ombe na nyasi. Hata mti mmoja hakuna. Msitu wangu hauko popote duniani isipokuwa katika picha ile.

Nilimwambia Papa Kambale siku ileile. Alikuwa anakoroga gundi, akaendelea kukoroga.

“Ungesema, wangesikia?”

“Sijui, Papa.”

“Miye pia sijui.”

Akaipua gundi. Akashusha kitabu kutoka juu ya kabati, hakunawa, akakiweka chini ya mlango. Hatukuzungumza tena juu yake. Ninyi mliokuja baadaye mmezoea kupaka nyumba, na moshi, na nguo zilizoanikwa, mkafikiri ndiyo desturi ya Goma tangu mwanzo. Ilianza siku ile. Tulipoteza wateja kadhaa wa hoteli kwa sababu ya nguo zilizoanikwa.

Miaka iliyobaki ilikuwa kazi: vibao, milango ya kamyo, simba. Ngozi ilianza kupasuka kwenye vidole viwili, halafu viganja. Nawaomba msioshe mikono kwa terebentine kama nilivyofanya. Tumieni mafuta ya mawese kwanza, halafu sabuni. Haya ndiyo mashauri yangu yote ya ufundi.

Kiwanja nilifika wakati wa mavuno ya maharage. Wiki ya tatu nilikwenda sokoni kutafuta viazi vitamu, nikajikuta mbele ya Mama Feza. Anaishi kwa binti yake, nyuma ya soko. Ameinama kidogo, sauti ni ileile. Nilinyoosha mkono kupokea viazi, akatazama vitambaa nilivyofungia vidole.

“Hii mikono ilifanya nini?”

“Rangi, Mama.”

“Rangi,” alisema. Akaongeza kiazi kimoja juu, akamgeukia mteja mwingine.

Sijui kama alinitambua. Tangu siku hiyo viazi ananunua dada yangu.

Sasa sikieni ninachowaomba. Siku niliyoaga, Papa Kambale aliniambia kwamba ile salle inaingiza maji, nguo ya picha imeanza kuvimba, na watairudisha atelie itengenezwe. “Macho yangu hayatafika kule chini,” alisema. “Uwaandikie watoto.”

Ikija, igeuzeni. Jina langu mtalikuta nyuma, chini, upande wa kushoto. Mkirudi mbele, ni kulia, penye mti uliovunjika. Fungeni mikono kwa plastiki. Chukueni pamba na terebentine kidogo iliyochanganywa na mafuta, msugue kwa kuzungusha, polepole, pamba mpya kila mara. Msitumie kisu. Chini ya majani kuna verni, na kama verni imenilindia, kuna nyumba. Mkiona cheupe, acheni hapohapo. Ni moshi.

Halafu mniandikie. Mashofa wa kamyo za maharage wanalijua duka la dada yangu. Mwachieni yeyote barua. Mistari miwili inatosha, hata kama mmekuta nguo tupu, hata kama mwandiko wenu umepitiwa na kuku. Kama paa liko, niambieni lina rangi gani na moshi unaelekea wapi. Sitamtuma dada yangu. Nitaipeleka barua yenu sokoni mwenyewe, nichuchumae mbele ya viazi, nimsomee.